Uzito wa Kalamu

Kibaigwa tunapima.
Mahindi, alizeti, ufuta,
hata maneno ya dalali tunayapima kabla hayajakauka.
Gunia la lumbesa tunalijua kwa mbali,
kwa kilemba chake,
kwa shingo iliyoshonwa kwa kamba mpaka ikanyooka.

Mimi nakaa dirisha la dawa, mwaka wa tisa sasa.
Nasoma miandiko kama wengine wanavyosoma mawingu.
Wako, Daktari Ndahani, ni mfupi, umelalia kulia,
na kwa wenye presha uliandika vidonge vya kopo,
vile vyeupe, shilingi hamsini kimoja.
Watu walimeza. Presha ilishuka.
Wakarudi kupalilia.

Kisha Machi akaja Novatus wa kampuni,
shati limepigwa pasi hadi linakata.
Hakuja na rushwa, tusimsingizie.
Alikuja na sambusa za moto, na kalamu.
Alijua mwanao yuko darasa la ngapi.
Alijua mgongo wako, na upande unaouma.
Mwezi wa sita mkaenda mjini, semina ya siku mbili:
kiyoyozi, mbuzi wa kuchoma, mvinyo wa Hombolo,
posho ndani ya bahasha isiyo na jina,
na ukutani picha ya moyo, mkubwa kama nyumba ya tembe,
ukidunda kwa rangi za kampuni.

Uliporudi, mwandiko ulikuwa uleule.
Wino tu ndio uligeuka, bluu ya kung'aa,
na katika kila karatasi ya tatu,
kisha ya pili,
kisha sikuhesabu tena:
Vasorela.
Kidonge shilingi elfu moja na mia mbili.

Sechelela Chibago aliuza debe mbili za mahindi,
akapata vidonge kumi na vinane.
Nilipiga hesabu mara mbili, nikidhani nimekosea.
Mwezi ulipokwisha bado alikuwa navyo vitatu.
"Leo nameza, kesho nafunga," akaniambia,
"kama Kwaresima, mwanangu."
Akacheka,
na upande mmoja wa mdomo haukucheka.

Gari la wagonjwa lilipoondoka naye kwenda Dodoma
nilikuja ofisini kwako na karatasi yake.
Hukunikasirikia. Ulivua miwani,
ukaifuta kwa koti kwa muda mrefu kuliko vumbi lililokuwapo.
"Yusta," ukasema, "hakuna mtu aliyewahi kuniambia niandike."
Nakuamini.
Mbele ya Mungu, nakuamini.
Mvua nayo haijawahi kuuambia uwele: ota.

Nikarudi dirishani nimejaa haki hadi kooni.
Nikainua macho ukutani nijue zamu inaisha lini.
Saa kumi na robo, ikasema saa,
na chini ya mishale yake, kwa herufi za bluu: Vasorela.
Niliitundika mimi.
Nilipanda juu ya stuli, nikaomba nishikiwe misumari,
nikauliza kama imenyooka.
Nilishukuru, tena kwa mikono miwili.

Jioni nikapita sokoni.
Kalamu yako ilikuwa mfukoni mwangu, uliisahau juu ya faili;
saa nilikuwa nimeifunga kwenye kanga.
Nikamwomba Chiduo anipimie.
"Dada, mzani huu ni wa magunia," akasema,
lakini akaniachia, maana alinijua.
Nikaweka kalamu. Kishale kimelala.
Nikaweka saa juu yake, nayo inatembea, tik, tik.
Kishale kikatetemeka kidogo,
labda ni upepo, labda ni lori la Morogoro,
kikarudi kwenye sifuri.

"Umeona?" Chiduo akasema. "Hakuna kitu."

Nyuma yangu mama mmoja alikuwa anasubiri na debe mbili.
Nikakusanya vitu vyangu,
nikampisha.